Piano kubwa, chumba kipi? Jinsi ukubwa wa chumba unavyoamua sauti ya rekodi

Anayetaka kurekodi piano kubwa kwa kawaida huanza kwa kuuliza habari za maikrofoni. Mafundi wa sauti wenye uzoefu humshauri aanze na swali jingine: piano hiyo itapigwa katika chumba cha ukubwa gani? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua, kwa sehemu kubwa, kama msikilizaji atasikia piano au atasikia sanduku linalogongwa. Kosa likifanyika hapo, mashine za studio haziwezi kulifuta lote baadaye.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi zetu. Piano kubwa za mlalo, zile zenye kifuniko kinachoinuliwa kama bawa, ni chache, na mara nyingi hukaa makanisani, katika kumbi za shule au hotelini. Kwaya au mtunzi aliyechangisha fedha za kurekodi siku moja tu hujikuta mbele ya milango miwili. Mmoja ni wa studio ndogo ya mjini yenye kuta zilizovikwa sifongo, mwingine ni wa ukumbi mpana usio na kifaa chochote. Fedha hizo zikiisha, nyimbo zitabaki kama zilivyorekodiwa, na huenda mzee aliyezitunga asipate nafasi ya kuzipiga tena. Makala haya yanaeleza kinachotokea kati ya piano na kuta, na namna ya kuchagua mlango ulio sahihi.

Ala yenye mawimbi marefu

Piano ya kawaida ina vibonyezo 88. Kibonyezo cha mwisho upande wa kushoto hutoa mitetemo 27.5 kwa sekunde, yaani hezi 27.5 kwa lugha ya wanafizikia. Cha mwisho upande wa kulia hufika takriban hezi 4,186. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa karibu mita 343 kwa sekunde. Ukigawanya mwendo huo kwa 27.5, utaona kwamba wimbi moja la noti ya chini kabisa lina urefu wa karibu mita 12 na nusu. Wimbi la noti ya juu kabisa halizidi sana sentimita 8.

Ala yenyewe nayo ni kubwa. Piano ya Steinway ya aina D, inayoonekana katika kumbi nyingi za tamasha duniani, ina urefu wa sentimita 274 na uzito wa karibu kilo 480. Kampuni ya Fazioli ya Italia hutengeneza piano yenye urefu wa sentimita 308. Chini ya nyuzi kuna ubao mpana, na ubao huo ndio unaoitetemesha hewa. Nyuzi peke yake zingesikika kwa shida.

Kwa sababu hiyo sauti ya piano haitoki mahali pamoja kama sauti ya mtu anayezungumza. Besi huchipuka upande mmoja, noti za juu upande mwingine, na sehemu nyingine ya sauti hugonga kifuniko kwanza. Sehemu hizo zinahitaji umbali kidogo ili zikutane na kuwa sauti moja. Maikrofoni iliyowekwa karibu mno na nyuzi husikia kipande cha piano badala ya piano nzima.

Chumba kidogo kinapopendelea noti

Tuchukue mfano wa chumba chenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita 60 za ujazo, na vyumba vya namna hiyo ni vya kawaida katika studio zetu za mjini.

Wimbi la besi linapogonga ukuta hurudi na kuelekea ukuta unaotazamana nao. Nusu ya urefu wa wimbi hilo ikilingana na umbali kati ya kuta mbili, mawimbi yanayokwenda na yanayorudi hujumlishana na kupeana nguvu. Katika chumba chetu, urefu wa mita 5 hukuza sauti ya hezi 34.3, upana wa mita 4 hukuza hezi 42.9, na kimo cha mita 3 hukuza hezi 57.2.

Sasa tutazame vibonyezo vya piano. Cha tano kutoka kushoto hutoa hezi 34.6, cha tisa hutoa hezi 43.7, na cha kumi na nne hutoa hezi 58.3. Vitatu hivyo vitapata msaada wa chumba ambao jirani zake hawaupati. Mpigaji atashusha ngazi ya besi kwa nguvu ile ile ya vidole, lakini rekodi itatoa noti moja inayonguruma, ya pili iliyokonda na ya tatu inayochelewa kunyamaza. Hapo mpigaji hana kosa, na fundi aliyelinganisha nyuzi hana kosa pia. Ni chumba ndicho kinachopendelea baadhi ya noti.

Hali huwa mbaya zaidi chumba kikiwa na urefu, upana na kimo vinavyolingana, kwa kuwa pande zote tatu hukuza noti ile ile. Vivyo hivyo upande mmoja ukiwa mara mbili kamili ya mwingine. Ndiyo maana wajenzi wa studio huepuka chumba cha mraba.

Kadiri noti zinavyopanda, mikuzo ya namna hii huwa mingi na kusongamana hata sikio lisiweze kuitofautisha tena. Mwanafizikia wa Kijerumani Manfred Schroeder alitoa kanuni ya kukadiria mpaka huo. Hutegemea mambo mawili: ujazo wa chumba, na muda ambao sauti hubaki ndani yake baada ya chanzo kunyamaza.

Katika chumba chetu cha mita 60 za ujazo, ikiwa sauti hubaki kwa sekunde 0.4, mpaka huo uko karibu na hezi 163. Vibonyezo 31 vya kwanza viko chini yake, zaidi ya theluthi moja ya piano nzima. Katika ukumbi wa mita 12 kwa 9 wenye kimo cha mita 6, ambamo sauti hubaki kwa sekunde 1.2, mpaka hushuka hadi hezi 86, na vibonyezo vilivyo chini yake ni 20. Katika ukumbi wa mita 30 kwa 18 wenye kimo cha mita 12, ambamo sauti hubaki kwa sekunde 2, mpaka huwa hezi 35 hivi. Vibonyezo vinavyobaki katika hatari ni vitano tu, na vitano hivyo havitumiki mara nyingi.

Wengi hudhani kwamba sifongo nyembamba au trei za mayai zilizobandikwa ukutani zitamaliza tatizo. Vitu hivyo hugusa sauti za juu tu. Ili sifongo au sufi ifyonze wimbi ipasavyo, unene wake unapaswa kukaribia robo ya urefu wa wimbi hilo, na robo ya mita 12 na nusu ni zaidi ya mita 3. Chumba kilichovikwa sifongo nyembamba huua mng'ao wa noti za juu na kuziacha besi zikinguruma kama zamani. Piano inayotoka humo husikika kana kwamba imefunikwa blanketi.

Dari huhesabika kuliko sakafu

Watu wakitaja ukubwa wa chumba, hutaja eneo la sakafu. Kwa piano, kimo cha dari kina uzito zaidi, kwa sababu kifuniko kikiwa wazi au kikiondolewa, sehemu kubwa ya sauti hupanda juu.

Tuseme nyuzi ziko mita 1 kutoka sakafuni, na maikrofoni iko kwenye kimo cha mita 2, umbali wa mita 1 na nusu kando ya piano. Sauti ya moja kwa moja husafiri mita 1.8 kuifikia. Sauti iliyopanda hadi kwenye dari ya mita 3 na kurudi husafiri karibu mita 3.35. Nakala hiyo ya pili huchelewa kwa milisekunde 4.5 tu, yaani sehemu nne na nusu za elfu moja za sekunde, na bado ina zaidi ya nusu ya ukubwa wa ile ya kwanza. Nakala mbili zilizokaribiana hivyo hugombana: baadhi ya masafa hufutana na mengine huongezeana. Matokeo yake ni sauti yenye mashimo, kama ya mtu anayesema ndani ya pipa.

Tuinue dari hadi mita 9, bila kugusa kitu kingine chochote. Nakala ya pili sasa husafiri mita 15, huchelewa kwa karibu milisekunde 39, na inapofika imebaki na thumuni hivi ya ukubwa wa ile ya kwanza. Sikio haliisikii tena kama doa juu ya piano. Huipokea kama habari za ukumbi, kwamba hapa pana nafasi. Tofauti kati ya hali hizo mbili imeletwa na mita 6 za hewa tupu juu ya kichwa cha mpigaji.

Ukubwa uliopita kiasi

Kutokana na hayo mtu anaweza kudhani kwamba chumba kikubwa kuliko vyote ndicho bora kuliko vyote. Historia ya elimu ya sauti inaonyesha vinginevyo.

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilimpa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, kazi ya kutafuta dawa ya ukumbi wa mihadhara wa jumba la sanaa la Fogg. Wanafunzi hawakuwa wakimwelewa mhadhiri, kwa sababu neno lililotamkwa lilibaki hewani kwa takriban sekunde 5 na nusu huku maneno mengine yakilifuata. Usiku, jiji likiwa kimya, Sabine na wasaidizi wake walihamisha matakia ya viti kutoka ukumbi jirani wa Sanders, wakayaongeza kidogo kidogo, na kupima kila mara muda wa sauti kufifia.

Kazi hiyo ilizaa kanuni inayotumika hadi leo. Muda wa mwangwi hupatikana kwa kuzidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha kugawanya kwa kiasi cha vitu vinavyofyonza sauti. Maana yake ni kwamba ujazo ukiongezeka na vifyonzaji vikibaki vile vile, mwangwi hurefuka. Kanuni hiyo ilitumika katika usanifu wa Ukumbi wa Symphony wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900 na unaosifiwa mpaka sasa.

Kwa piano hesabu ni rahisi. Mpigaji hodari anaweza kupiga noti 10 kwa sekunde kwa mkono mmoja. Katika chumba chenye mwangwi wa sekunde 5, noti 50 zilizopita huwa bado zinafifia hewani noti mpya inapozaliwa. Kinachosikika ni ukungu. Mpigaji mwenyewe huanza kupunguza mwendo na kuogopa pedali bila kujua, na hivyo chumba humbadilishia hata namna ya kupiga. Mafundi wengi huridhika na mwangwi ulio karibu na sekunde moja na nusu, wakipunguza au kuongeza kidogo kulingana na muziki.

Kutoka sebuleni hadi chini ya dari ya mita 12

Mfano ulio wazi wa fundi mmoja aliyefanya kazi katika vyumba viwili tofauti ni wa Mmarekani Rudy Van Gelder, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2016. Kwa taaluma alikuwa mpima macho. Wazazi wake walipojenga nyumba katika mji wa Hackensack, jimbo la New Jersey, walikubali kumtengea chumba cha mitambo chenye kioo kinachotazama sebule. Sebule hiyo ikawa studio. Humo zilirekodiwa baadhi ya kazi maarufu za muziki wa jazi, ikiwemo albamu ya John Coltrane iitwayo Blue Train ya mwaka 1957. Mpiga piano Thelonious Monk alikipa kipande kimoja jina la mji huo, Hackensack.

Mwaka 1959 Van Gelder aliiacha sebule na kuhamia studio aliyoijenga katika mji wa Englewood Cliffs, katika jimbo hilo hilo. Jengo hilo lina dari ya mbao inayopanda hadi futi 39, karibu mita 12, ikibebwa na matao ya mbao. Tarehe 9 Desemba 1964 Coltrane alirekodi humo albamu ya A Love Supreme, McCoy Tyner akiwa kwenye piano.

Fundi alikuwa yule yule, na katika vyumba vyote viwili alipenda maikrofoni ziwe karibu na ala. Hata hivyo, tarumbeta na ngoma zilipata hewa ya kutanuka katika jengo jipya kwa namna ambayo sebule haikuiruhusu. Piano zake zimebishaniwa na wapenzi wa jazi hadi leo: wapo wanaolalamika kuwa husikika zimebanwa, na wapo wanaozipenda kwa ukaribu wake. Mabishano hayo yanaonyesha kwamba rekodi za chumba kidogo zinaweza kupendwa kwa miaka 60 na zaidi. Yanaonyesha pia kwamba sebule haikumwachia fundi njia nyingi: kusogeza maikrofoni mbali kungeleta kuta ndani ya rekodi.

Umbali wa mizani

Jambo hilo linaweza kupimwa. Katika kila chumba kuna umbali fulani kutoka kwenye ala ambapo sauti ya moja kwa moja na sauti inayorudi kutoka kwenye kuta huwa na nguvu sawa. Tuuite umbali wa mizani. Maikrofoni ikiwa ndani ya umbali huo, husikia zaidi ala. Ikiwa nje yake, husikia zaidi chumba.

Kwa chanzo kinachosambaza sauti pande zote sawasawa, umbali huo katika chumba chetu cha mita 60 za ujazo ni kama sentimita 70. Katika ukumbi wa kati ni mita 1.3, na katika ukumbi mkubwa ni mita 3.2. Piano halisi hutofautiana kidogo na hesabu hii, lakini uwiano kati ya vyumba hubaki ule ule.

Tukumbuke sasa kwamba piano ya tamasha ina urefu wa karibu mita 2.7. Katika chumba kidogo, umbali wa sentimita 70 ni mfupi kuliko ala yenyewe. Hakuna mahali ambapo maikrofoni inaweza kuiona piano nzima bila kuzidiwa na kuta. Katika ukumbi mkubwa fundi anaweza kurudi nyuma mita mbili au tatu, piano ikawa kitu kimoja, na bado ikasikika wazi.

Ukumbi mkubwa hauwalazimishi watu kurudi nyuma. Mwezi Juni 1955, Mkanada Glenn Gould, akiwa na umri wa miaka 22, alirekodi kazi ya Bach iitwayo Goldberg Variations katika studio ya kampuni ya Columbia kwenye Mtaa wa 30 jijini New York. Jengo hilo zamani lilikuwa kanisa. Lakini Gould alipenda sauti kavu na ya karibu, ambayo kila noti husimama peke yake, na ndivyo rekodi hiyo inavyosikika. Miaka minne baadaye, Miles Davis alirekodi humo albamu ya Kind of Blue, Bill Evans na Wynton Kelly wakipiga piano, nayo ina nafasi na utulivu wa namna nyingine. Gould alirudi katika chumba hicho hicho mwaka 1981 na kurekodi kazi ile ya Bach upya. Chumba kikubwa humwachia fundi nafasi ya kuchagua ukaribu au umbali. Chumba kidogo humwachia ukaribu peke yake.

Muziki gani, chumba kipi

Kabla ya kukodi ukumbi, inafaa mtu ajue anarekodi nini. Muziki wenye sauti nyingi zinazopishana kwa kasi, kama wa Bach, pamoja na jazi na nyimbo ambazo maneno ya mwimbaji lazima yaeleweke, hufaidika na ukumbi wa kati wenye mwangwi mfupi, chini ya sekunde moja na nusu. Kazi za polepole zenye pedali ndefu, kama za Debussy, pamoja na tenzi zinazoimbwa taratibu na kwaya, zinaweza kubeba mwangwi wa sekunde mbili au zaidi kidogo.

Si lazima ukumbi uwe umejengwa kwa ajili ya muziki. Katika kijiji cha Snape, mashariki mwa Uingereza, mtunzi Benjamin Britten na wenzake waligeuza jengo la zamani la kuandalia kimea kuwa ukumbi wa tamasha uliofunguliwa mwaka 1967. Mwaka 1968 Britten alipiga piano humo akirekodi pamoja na mpiga cello Mstislav Rostropovich. Moto uliunguza jengo mwaka 1969, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka uliofuata. Kuta zake za matofali, paa lake refu la mbao na ujazo wake vilitosha kulifanya ghala kuwa moja ya kumbi zinazoheshimiwa kwa kurekodi.

Kuchagua katika mazingira yetu

Makanisa makubwa ya mawe ndiyo vyumba vyenye ujazo mwingi zaidi katika miji yetu mingi. Kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, lililojengwa miaka ya 1870 chini ya Askofu Edward Steere, ni mfano wa jengo lenye kuta za mawe na paa la tao. Majengo ya namna hiyo hurudisha sauti kwa muda mrefu yakiwa matupu. Waumini wanapoketi, miili na nguo zao hufyonza sauti, hivyo kanisa lililosikika vizuri Jumapili linaweza kuwa na mwangwi mrefu zaidi Jumanne likiwa halina mtu. Mazulia, mikeka, kanga na mapazia mazito yaliyotandazwa juu ya viti hufanya kazi ile ile ya matakia ya Sabine.

Kumbi za shule na za mikutano zenye kimo cha mita 5 au 6 mara nyingi ni chaguo la busara kuliko studio ndogo na kuliko kanisa kuu. Udhaifu wake ni kelele. Maikrofoni inapokaa mbali na piano huokota pia bodaboda, jenereta, feni na watoto wa jirani. Paa la mabati lisilo na dari chini yake halifai kabisa siku ya mvua. Kwa hiyo saa ya kurekodi ni sehemu ya kuchagua chumba: wengi huona usiku wa manane au alfajiri ya mapema ndiyo saa zenye amani.

Mtu asiye na kipimo chochote anaweza kukijaribu chumba kwa masikio yake. Asimame mahali piano itakapokuwa, apige kofi moja kali, ahesabu muda wa sauti kupotea. Akisikia mlio wa haraka unaodundadunda kama chuma chembamba, kuta mbili zinazotazamana zinarushiana sauti, na zulia lililotundikwa kwenye mmoja wa kuta hizo litasaidia. Kisha apige noti za besi moja moja, akipanda polepole kwa nguvu sawa, huku mwenzake akitembea chumbani na kusikiliza. Noti zinazovimba au kutoweka ghafla zitajitaja zenyewe. Piano ikisogezwa hata nusu mita kutoka ukutani au kutoka katikati kamili ya chumba, orodha ya noti hizo hubadilika.

Ikiwa piano iko katika chumba kibaya, je, ihamishwe? Mzigo wa karibu nusu tani unahitaji watu wenye ujuzi, gari linalofaa, na fundi wa kulinganisha nyuzi baada ya ala kutulia mahali papya. Katika pwani yenye joto na unyevu, kuihamisha piano kutoka chumba kikavu hadi jengo lenye hewa nzito hulegeza utulivu wa nyuzi kwa siku kadhaa. Mara nyingi ni nafuu zaidi kutafuta ukumbi ambao tayari una piano nzuri, hata kama uko mji wa pili, na kuhamisha maikrofoni.

Kama chumba kidogo ndicho pekee

Wapo ambao hawatakuwa na chaguo jingine. Kwao ushauri ni kukifanya chumba kinyamaze kadiri inavyowezekana. Magodoro mazito yawekwe kwenye pembe, ambako besi hujikusanya, mazulia yatandikwe, maikrofoni ziwekwe karibu na nyuzi chini ya kifuniko kilicho wazi, na mwangwi wa programu ya kompyuta uongezwe baadaye. Piano ya namna hiyo hufaa sana ikiwa itaandamana na gitaa, ngoma na waimbaji, kwa kuwa ala nyingine huficha kasoro zake.

Kwa piano inayopigwa peke yake, njia hiyo ina mpaka. Programu inaweza kuongeza ukumbi ambao haukuwepo. Haiwezi kuondoa dari iliyokuwa mita moja juu ya maikrofoni, wala kutoa nguvu kwa noti ya besi ambayo chumba kiliimeza. Piano ndogo ya mlalo yenye urefu wa mita 1.7 au 1.8, inayotetemesha hewa kidogo zaidi, hukaa vizuri zaidi katika chumba cha aina hiyo kuliko ala kubwa ya tamasha.

Kikundi chenye fedha za siku moja, basi, kinaweza kuanza kwa kufunga safari ya kuvitembelea vyumba viwili au vitatu kabla ya kulipa. Waende na mita ya kupimia, waandike urefu, upana na kimo, wapige kofi, wapige besi, na wasikilize kelele za nje kwa saa ile ile watakayorekodi. Dari ikifika mita 5 au zaidi, mwangwi ukawa karibu na sekunde moja na nusu, na nje kukawa kimya, maikrofoni mbili za kawaida zilizowekwa kwa uangalifu zitawapa piano ambayo wajukuu wao wataitambua.